Miaka saba ya kuficha maiti: tuisome hati ya mashtaka kabla ya kumlaumu jaji

Kwako Mhariri,

Kila mahakama inapomfunga mtu aliyesaidia kuficha mauaji, lalama huwa zile zile redioni, matangani na hata katika ukurasa wako huu: mtu amebeba maiti usiku, amepiga deki damu, ameidanganya familia kwamba jamaa yao kasafiri, halafu anapewa miaka mitatu! Anayetukanwa ni jaji. Ukiifuatilia faili, mara nyingi utakuta jaji huyo alifungwa mikono kitambo, siku ile hati ya mashtaka ilipoandikwa.

Sheria yenyewe ni fupi. Kifungu cha 396 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kinamtambua kama msaidizi wa baada ya kosa yeyote anayempokea au kumsaidia mwenzake, akijua kwamba mwenzake huyo ana hatia, ili amwezeshe kukwepa adhabu. Kwa makosa makubwa kwa jumla, kifungu cha 397 kinaweka kifungo kisichozidi miaka 3. Mauaji yametengewa kifungu chake, cha 222, na hapo mwisho ni miaka 7. Tanzania na Uganda nako ni 7, maana kanuni za nchi zote tatu zilitungwa 1930 chini ya mkoloni mmoja. Waingereza wenyewe hawakubaki hapo: sheria yao ya 1967 inafikisha miaka 10 kwa aliyemsaidia muuaji, na pembeni wana kosa la kupotosha haki ambalo mwisho wake ni kifungo cha maisha. Mahakama za shirikisho za Marekani zinaweza kufika 15.

Anayetaka Bunge lipandishe miaka hiyo ana hoja, na sibishani naye. Lakini hata ikipandishwa hadi 15, kesi iliyoandaliwa ovyo itazaa kifungo kile kile kifupi, au isizae kitu.

Kinachoharibika mwanzo ni mpaka kati ya kabla na baada. Aliyeahidi kabla ya mauaji kwamba ataleta gari la kubebea maiti hahesabiki kuwa msaidizi wa baada. Kwa vifungu vya 20 na 21 anaweza kushtakiwa kwa mauaji sawa na aliyeshika panga, hata kama hakuikanyaga nyumba ile. Aliyepigiwa simu saa sita usiku, akafika akakuta mtu keshakata roho, akakubali kushika miguu ya maiti, huyo ndiye wa kifungu cha 222. Mmoja anakabiliwa na adhabu ya kifo, mwingine miaka saba, na kinachowatenganisha huenda kikawa simu moja tu: ilipigwa saa ngapi, na nani alimpigia nani.

Ndiyo maana rekodi za simu na za M-Pesa zinafaa kuombwa mapema, kabla hata ya maiti kutoka mochari, na zifike kortini zikiwa na cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kilichotiwa sahihi na mtu mwenye dhamana ya mtambo uliozitoa. Karatasi zilizochapishwa bila cheti hicho hupingwa hata na wakili aliyeapishwa juzi. Zikitupwa, saa zimekwenda nazo, na upande wa mashtaka unabaki na "nadhani ilikuwa usiku wa manane."

Halafu kuna kishawishi cha kuwafunga wote kamba moja. Polisi wakikuta watu watatu na maiti moja, njia nyepesi ni kuwashtaki wote kwa mauaji na kungoja kesi ijipange yenyewe. Haijipangi. Miaka miwili baadaye ushahidi unaonyesha kwamba wa tatu aliletwa kuchimba tu. Jaji afanyeje? Kifungu cha 179 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinaruhusu kumtia mtu hatiani kwa kosa dogo ambalo hakusomewa, iwapo yaliyothibitishwa ni sehemu ya kosa alilosomewa. Wizi umo ndani ya wizi wa mabavu, hilo halina utata. Kuficha maiti hakumo ndani ya kuua. Kunaanzia pale kuua kunapoishia. Wakili wa utetezi ataikamata hoja hiyo kwa mikono miwili, na jaji akiikubali, mchimba kaburi anakwenda nyumbani bila hata siku moja. Dawa yake ni aya moja: shtaka mbadala la kifungu cha 222, liandikwe siku ya kwanza, lisingoje mashahidi wamalizike.

Na aya hiyo iandikwe kwa vitendo. "Alimsaidia muuaji kukwepa adhabu" haitoshi, ingawa ndiyo lugha ya sheria. Inafaa kusema kwamba kati ya tarehe fulani na tarehe fulani, akijua kuwa A amemuua B, alibeba mwili wa B kutoka chumbani hadi shimo la choo lililoachwa, alichoma godoro, alipeleka gari kuoshwa ndani na nje, alizima simu ya marehemu baada ya kuitumia kutuma ujumbe kwa dada yake, na alimpa A nauli ya kuvukia mpaka. Kila kitendo kilichotajwa ni kitu jaji anaweza kukiadhibu kikithibitishwa au kikikubaliwa. Ambacho hakikutajwa wala kuthibitishwa, haruhusiwi kukipandishia adhabu, hata kama magazeti yote yamekiandika.

Kuna suala la kujua. Kushuku si kujua. Mwenye probox aliyekodishwa asafirishe "mzigo wa samaki" kutoka Likoni hana kosa kwa kuwa tu gunia lilinuka. Lakini akiambiwa asimame msituni, akalipwa mara kumi ya nauli ya kawaida, akarudi kuosha buti la gari kwa dawa ya kuondoa madoa, basi mazingira yanasema kwa niaba yake. Mpelelezi mzuri hauulizi mdomo wa mshukiwa tu. Anauliza nauli ya kawaida ya njia ile ni ngapi, na anamwita dereva mwingine aje kuisema mbele ya mahakama.

Kuna pia mtego ambao familia nyingi haziujui. Kifungu cha 222 kinategemea mauaji. Ikithibitika kwamba aliyeua aliua bila kukusudia, basi kilichofichwa si mauaji tena kwa maana ya sheria, na msaidizi anateremka hadi kifungu cha 397: miaka 3. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu, Desemba 2017, adhabu ya kifo si ya lazima tena kwa muuaji, na makubaliano ya kukiri kosa chini ya vifungu vya 137A na kuendelea vya Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai yamekuwa sehemu ya kawaida ya kesi hizi. Sasa tazama hesabu inavyoweza kwenda kombo. Kijana aliyesaidia kuzika anakiri mapema chini ya 222, anapewa miaka 5. Miezi minane baadaye, muuaji mwenyewe anakubaliana na mwendesha mashtaka, shtaka lake linapunguzwa kuwa la kuua bila kukusudia. Kijana sasa anatumikia adhabu ya kuficha kosa ambalo, kwenye rekodi za mahakama hiyo hiyo, halikutendeka. Rufaa itafuata, na ina nguvu. Mwendesha mashtaka makini huwapanga watu hawa kwa kufikiria mbele: ama anamaliza kwanza na aliyeua, ama anahakikisha maelezo ya mambo yaliyokubaliwa katika faili zote mbili hayapingani.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera zaidi katika sheria hii, nalo ni ndoa. Kifungu cha 396 kinasema mke hawi msaidizi kwa kumpokea au kumsaidia mumewe akwepe adhabu, wala mume kwa mkewe. Mke ana kinga pana hata zaidi: akimsaidia mtu mwingine mbele ya mumewe na kwa amri yake, katika kosa ambalo mume alishiriki, bado hana hatia ya usaidizi. Mama mzazi hana kinga hiyo. Wala mtoto, wala dada, wala msichana wa kazi. Mama aliyefua shati la mwanawe lenye damu anaweza kuonja miaka saba; mke aliyeloweka suruali katika karai hilo hilo hagusiki kwa kifungu cha 222. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini waliotunga sheria hii hawakumwuliza mzazi.

Kinga hiyo imeandikwa kwa kosa la usaidizi peke yake. Haimo katika kifungu cha 116, kinachomwadhibu anayeharibu kwa makusudi kitu akijua kitahitajika kama ushahidi kortini, wala katika 117, kuhusu kula njama za kuzuia haki. Kwa hivyo mwendesha mashtaka anayetaka kumfikia mwenzi wa ndoa ana mlango, ingawa mwembamba: 116 ni kosa dogo, na makosa madogo yasiyowekewa adhabu maalum hayazidi miaka 2. Na vita vya kwanza katika kesi kama hiyo huwa ni vya cheti cha ndoa. Walioishi pamoja kwa mtindo wa njoo-tukae miaka kumi bila kusajili chochote watajikuta wanathibitisha ndoa mbele ya jaji wa jinai, tena upande wa mashtaka ukiwapinga.

Tusisahau waliolazimishwa. Kifungu cha 16 kinamwondolea lawama aliyetenda kwa sababu tu mwenzake alikuwa akimtishia, muda wote wa kitendo, kwamba atamuua au kumjeruhi vibaya papo hapo. Vitisho vya kesho havihesabiwi. Mfanyakazi wa nyumbani aliyeambiwa "ukifungua mdomo nitakufuata hadi kwenu," kisha akaachwa peke yake saa tatu akipiga deki, hana utetezi kamili. Alichonacho ni sababu ya kupunguziwa adhabu, na hiyo ni lazima iletwe na ushahidi: jumbe za simu, jirani aliyesikia kelele, mshahara wa miezi aliyokuwa anadai. Wakili akilisema hilo kwa mdomo tu wakati wa kuomba huruma, linapita kama maombi mengine yote ya "mteja wangu ni mkosaji wa mara ya kwanza na ana watoto."

Tukifika kwenye adhabu yenyewe, tupige hesabu. Miongozo ya adhabu ya Idara ya Mahakama ya 2016 iliweka nusu ya kifungo cha juu kabisa kuwa mahali pa kuanzia, kisha jaji anapanda au kushuka kwa kuangalia mazito na mepesi ya kesi. Nusu ya 7 ni miaka 3 na miezi 6. Kukiri mapema kunashusha. Muda wa rumande ni lazima uhesabiwe kwa mujibu wa kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai. Kisha Sheria ya Magereza inampa mfungwa mwenye nidhamu msamaha wa theluthi moja. Kwa hiyo hata aliyepewa miaka 7 kamili anaweza kutoka baada ya miaka 4 na miezi 8, na wa miaka 3 na nusu baada ya miaka 2 na miezi 4. Jaji akiona miaka 3 au pungufu inatosha, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 inamruhusu hata asimpeleke gerezani. Hakuna aliyehongwa hapo. Hesabu ndivyo ilivyo. Ndiyo maana kinachomfanya jaji apande kutoka kwenye nusu ile ndicho kitu cha thamani kuliko vyote siku ya adhabu, na ndicho kinachokosekana.

Wengi hudhani la kupandishia ni ukatili wa mauaji yenyewe. Siyo. Huyu hakuua, na jaji akimwadhibu kwa visu kumi na viwili vya mwenzake, Mahakama ya Rufaa itamrekebisha. La kupimwa ni madhara ya ufichaji, na hayo yanapimika.

Chukua muda. Maiti iliyopatikana siku ya kwanza inamwambia daktari mengi: joto la mwili, ugumu wa viungo, michubuko ya ngozi, alama za kucha shingoni. Kwa joto la pwani, baada ya siku chache tu kwenye shimo lenye unyevu, nyama laini zimeanza kuoza na michubuko haitofautishwi tena na madoa ya kuoza. Baada ya miezi kadhaa inabaki mifupa. Fuvu lililopasuka litaonekana. Kunyongwa kunaweza kupotea kabisa, labda ule mfupa mdogo wa kooni uwe umevunjika na uwe umepatikana, maana ni mwepesi kuachwa ndani ya mchanga. Utambulisho unahamia kwa Mkemia wa Serikali, kwa vinasaba vya meno au mfupa wa paja vikilinganishwa na vya wazazi au watoto. Aliyeficha mwili wiki moja na aliyeuficha miaka miwili hawakufanya jambo moja, kwa sababu wa pili huenda ndiye aliyemgeuza muuaji kuwa mtu aliyeua bila kukusudia, kwa kuwa tu hakuna tena kinachoonyesha jinsi alivyoua. Mwendesha mashtaka anapaswa kumwuliza daktari swali hilo waziwazi akiwa kizimbani: ungeweza kuona nini, ambacho sasa huwezi? Likiulizwa, jibu limeingia kwenye rekodi. Lisipoulizwa, jaji hawezi kulibuni.

Chukua familia. Bila mwili hakuna cheti cha kifo kwa njia ya kawaida, na kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi kinangoja miaka saba ya kimya ndipo mtu adhaniwe kafa. Katika miaka hiyo mirathi haiguswi, akaunti ya benki imefungwa, karo inasimama. Kwa Waislamu mjane hajui kama yuko edani au bado yuko katika ndoa, na kadhi anaulizwa swali ambalo mtu mmoja, aliyekaa kimya mtaa wa pili, angelijibu kwa sentensi moja.

Chukua mtu asiye na hatia. Ikiwa katika kipindi cha ufichaji kuna mwingine aliyekamatwa, akalala rumande, huku msaidizi akijua na kunyamaza, sioni kitu kizito kuliko hicho. Na chukua faida: aliyelipwa, aliyebaki na simu au shamba la marehemu. Anayepokea chochote ili afiche kosa kubwa ana shtaka jingine chini ya kifungu cha 118. Wazee wa ukoo wanaoketi kupatanisha familia mbili kwa ng'ombe, sharti likiwa ni kutopiga ripoti, wangefaa wasomewe kifungu hicho kabla hawajaketi.

Upande wa kushusha, moja linazidi yote: kusema maiti iko wapi. Huyu anafaa kupata punguzo kubwa, na lipungue kadiri alivyochelewa. Aliyesema siku ya tatu, kwa hiari, apunguziwe sana. Aliyesema baada ya mbwa wa polisi kusimama juu ya shimo hana alichotoa. Ningependa kuona Idara ya Mahakama ikiweka ngazi hiyo ndani ya miongozo, kwa kifungu cha 222 peke yake, badala ya kumwachia kila jaji aianze upya.

Hapa polisi wenyewe huharibu. Mshukiwa yuko tayari kuzungumza, mpelelezi anamwandikisha maelezo papo hapo, yeye peke yake, usiku. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi kinataka ungamo lifanywe mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi wa cheo kisichopungua Inspekta ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, pamoja na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa. Ungamo la usiku ule litatupwa. Kama ofisi ya mashtaka inamtaka awe shahidi dhidi ya muuaji, makubaliano yaandikwe kwanza, kisha maelezo. Kisheria ushahidi wa mshiriki wa kosa unaweza kumtia mtu hatiani peke yake, lakini sijui jaji anayelala vizuri akiutegemea bila kitu cha kuushikiza: udongo wa jembe, alama za gurudumu, rekodi ya simu. Shahidi wa namna hii huulizwa maswali siku nzima kuhusu alichoahidiwa. Afadhali ajibu kwa karatasi.

Kwa familia zinazosoma barua hii huku kesi ikiendelea, mna nafasi mbili ambazo hazitangazwi. Kifungu cha 137D kinamtaka mwendesha mashtaka, hali ikiruhusu, awape waathiriwa nafasi ya kusikizwa kabla ya kukubaliana na mshtakiwa. Andikeni barua kwa ofisi ya mashtaka ya kaunti yenu mkitaja nambari ya kesi, mkiomba kuarifiwa, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Pili, Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 inawapa haki ya kutoa taarifa kuhusu athari za kosa kabla ya adhabu kutolewa. Msiijaze machozi peke yake. Tajeni tarehe mliyopiga ripoti ya kupotea, safari za mochari na hospitali, matangazo mliyolipia, siku mliyotoa sampuli za vinasaba, karo iliyokwama, na aliyewaambia "amesafiri" aliwaambia lini na mara ngapi. Ambatisheni risiti, kwa sababu sheria hiyo hiyo inaruhusu kudai fidia, na fidia hailipwi kwa makisio. Taarifa hiyo mpeni mwendesha mashtaka angalau wiki moja kabla ya tarehe ya adhabu, ili upande wa utetezi usiombe kuahirishwa kwa kisingizio kwamba haujaisoma.

Wakili wa kesi za jinai,
Mombasa